Grafini katika vihisi vya kupima maradhi kwa haraka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Majibu haya ni kwa mafundi wa maabara, walimu na wanafunzi wa sayansi, na watu wa afya wa wilayani ambao wamesikia habari za grafini na wanataka kujua inafanya kazi gani hasa. Mwenye haraka na aanze na swali la chumvi na lile la majibu ya uongo. Hapo ndipo kazi nyingi zinapokwama.

Grafini ni kitu gani?

Ni kaboni ile ile iliyomo katika risasi ya penseli, ila hapa limebaki tabaka moja tu la atomu. Atomu hizo zimejipanga kwa pembe sita, nanomita 0.142 kutoka moja hadi jirani yake, na unene wa tabaka ni kama nanomita 0.34. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliitenga mwaka 2004 kwa kubandua grafiti kwa utepe wa gundi, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Sifa inayotuhusu sisi wa vipimo ni kwamba kila atomu iko juu, hakuna iliyojificha ndani. Kitu chochote chenye chaji kikitua juu yake, umeme unaopita ndani yake huguswa papo hapo.

Inajuaje kwamba mtu ana malaria au kichocho?

Haijui. Grafini inapokea kila kinachoigusa: protini, chumvi, hata mafuta ya kidole chako. Kinachotambua maradhi ni molekuli tunayoibandika juu yake, mara nyingi kingamwili, wakati mwingine uzi mfupi wa DNA. Hiyo ndiyo inayomkamata mhusika na kuwaacha wengine wapite. Kazi ya grafini ni kuugeuza mkamato huo kuwa umeme unaosomeka.

Kwa hiyo ukisoma tangazo linalosifu grafini kurasa tatu na kusema mstari mmoja kuhusu kingamwili, tilia shaka. Kingamwili mbovu juu ya grafini safi hutoa kipimo kibovu.

Kuna aina ngapi za vihisi hivi?

Kwa matumizi, mbili. Ya kwanza ni transista ya grafini: tone la sampuli linakaa juu ya tabaka, unabadilisha volti ya geti, unatazama mkondo unafika chini kabisa kwenye volti gani. Antijeni, yaani protini au kitu kingine cha kimelea kinachokamatwa na kingamwili, ikinasa, volti hiyo inasogea. Ya pili ni elektrodi ya grafini inayopimwa kwa kemia ya umeme: unatia kiashiria majini, yaani kemikali inayotoa mkondo ikigusa elektrodi, na antijeni ikinasa inaziba njia, mkondo wa kiashiria unashuka.

Transista ndiyo inayopata sifa kwenye majarida. Mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini walionyesha transista ya grafini iliyotambua protini ya kirusi cha korona kwenye ukolezi wa femtogramu 1 kwa mililita katika bafa safi, yaani maji ya chumvi yenye pH isiyoyumba. Katika majimaji halisi ya kusafirishia sampuli za pua, kiwango kikapanda hadi femtogramu 100. Tofauti hiyo ya mara mia, kutoka bafa safi hadi sampuli ya kweli, ndiyo ya kuikumbuka unapopanga kazi yako.

Kwa maabara ya visiwani inayoanza, sisi tunapendekeza elektrodi. Vifaa ni vichache, makosa yanaonekana mapema, na chumvi haiisumbui sana.

Vipimo vya ukanda tunavyo, kwa nini tusumbuke?

Kipimo cha malaria cha kuchoma kidole ni ukanda wenye chembe za dhahabu, na hakina grafini. Kinakamata HRP2, protini inayotolewa na kimelea cha malaria. Ni kizuri, rahisi, na hakuna sababu ya kukiondoa kwa mgonjwa mwenye homa. Ila kina mpaka: vimelea vikishuka sana chini ya 200 kwa mikrolita ya damu, ukanda unaweza kukaa kimya. Visiwani, ambako kwa miaka mingi malaria imeshushwa chini ya asilimia 1 ya watu, wapo wanaobeba vimelea vichache bila homa, na hao ndio wanaoendeleza maambukizi.

Kichocho kina shida kama hiyo. Unguja na Pemba tuna *Schistosoma haematobium*, anayepitia kwa konokono wa *Bulinus globosus* kwenye vijito na madimbwi ya maji baridi. Njia ya kawaida ni kuchuja mililita 10 za mkojo, uliochukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kisha kuhesabu mayai kwa hadubini. Mayai 50 au zaidi ni maambukizi mazito. Baada ya miaka ya kugawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, maskulini, wengi waliobaki wana mayai mawili matatu, leo yapo, kesho hayapo. Antijeni ya CAA, inayotolewa na minyoo hai na kutoka nje pamoja na mkojo, haitegemei yai kutoka siku hiyo. Kihisi kinachoisoma kwa uhakika kingewasaidia sana watu wa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, na kila anayefuatilia kichocho shehia kwa shehia.

Grafini ninunue au nitengeneze?

Kwa transista, nunua. Grafini yake huoteshwa juu ya karatasi ya shaba kwa gesi ya methani kwenye joto la karibu nyuzi 1,000, halafu shaba inayeyushwa na tabaka linahamishiwa kwenye silikoni. Katika kuhamisha ndiko linakochanika na kubakiwa na mabaki ya plastiki. Wapo wanaouza chipu tayari, mfano Graphenea ya Hispania.

Kwa elektrodi, tengeneza. Mwaka 2014 kundi la James Tour wa Chuo Kikuu cha Rice lilionyesha kwamba leza ya kaboni dayoksidi, ile ile ya kukatia mbao na plastiki, ikipita juu ya filamu ya poliimidi huigeuza kuwa grafini yenye vinyweleo, hewani, bila tanuri. Si tabaka moja, ni matabaka mengi yenye matundu, na kwa elektrodi matundu hayo ni faida.

Njia ya tatu, ya oksidi ya grafini, inahitaji asidi ya salfuriki kali na pamanganeti ya potasiamu. Mchanganyiko huo ukipanda joto hulipuka. Maskulini usifanyike.

Elektrodi ya leza inatengenezwaje, hatua kwa hatua?

Chukua filamu ya poliimidi ya unene wa mikromita 125. Ifute kwa isopropanoli, ibandike juu ya kigae kwa gundi ya pande mbili ili ilale sawasawa. Ikivimba hata milimita moja, leza inatoka kwenye shabaha na mstari unakuwa nusu mweusi nusu kahawia.

Chora elektrodi tatu: ya kazi, duara la milimita 3, ya pili inayoizunguka kama upinde, na ndogo ya rejea. Kila moja iwe na njia ya upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 25.

Kabla ya kuchoma mchoro wenyewe, choma miraba midogo ya majaribio. Shika kasi moja, anza na nguvu ya asilimia 10, panda kidogo kidogo. Kahawia maana yake nguvu haitoshi. Nyeusi inayotoka unga ukiigusa kwa brashi maana yake nguvu imezidi. Unataka nyeusi inayoshika. Fungua feni ya moshi, na kamwe usijaribu karatasi ya PVC badala ya poliimidi: inatoa gesi ya asidi ya hidrokloriki, inaumiza mapafu na inakula mashine.

Sasa chukua mita ya fundi umeme. Njia ya milimita 2 kwa 25 ni miraba 12 na nusu, na grafini nzuri ya leza ina ohmu 15 hadi 30 kwa mraba. Kwa hiyo ncha hadi ncha tarajia ohmu 190 hadi 375. Ikisoma maelfu, rudi kwenye leza. Usiendelee kwa matumaini.

Elektrodi ya rejea ipake wino wa fedha na kloridi ya fedha, ukaushe nyuzi 60 kwa dakika 30. Halafu funika shingo ya njia kwa rangi ya kucha, ukipaka mara mbili, ukiacha wazi kichwa na sehemu ya kushikia waya. Rangi ya kucha inafanya kazi vizuri, ila huyeyuka kwa asetoni na hulainika kwa spiriti, kwa hiyo kuanzia hapo tumia vya maji tu.

Nitajuaje kama elektrodi ni nzima kabla ya kupoteza kingamwili?

Tengeneza kiashiria. Katika mililita 100 za maji yaliyotoneshwa weka gramu 0.165 za ferisianidi ya potasiamu, gramu 0.211 za ferosianidi ya potasiamu yenye maji matatu, na gramu 0.746 za kloridi ya potasiamu. Hiyo ni milimola 5 ya kila kiashiria na mola 0.1 ya chumvi. Chupa ifungwe karatasi ya aluminiamu, mwanga huiharibu. Isikutane na asidi kali, maana hutoa gesi ya sianidi.

Loweka elektrodi nusu saa kwanza. Matundu ya grafini yanashika hewa, na vipimo vya mwanzo hupanda tu kila ukirudia. Subiri hadi vitatu mfululizo vilingane. Kisha pitisha volti kutoka -0.2 hadi +0.6 kwa milivolti 50 kwa sekunde. Vilele viwili vitokee. Kwa nadharia vinaachana milivolti 59; sisi tunakubali hadi 150. Ukitengeneza elektrodi ishirini, tupa kila inayotofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 10. Inauma kutupa, lakini elektrodi mbaya inayobaki kwenye kundi inakuja kuonekana kama mgonjwa.

Kifaa cha kusomea kinagharimu kiasi gani?

Kifaa hicho, kinachotia volti na kupima mkondo, huitwa potenshiostati, na ya maabara ni ghali. Ipo CheapStat, mchoro wake uliotolewa bure mwaka 2011, ambayo vipuri vyake havikufikia dola 80 wakati huo. Haipimi impidansi, yaani ukinzani kwa mkondo geugeu. Inapima kwa kutia volti ya mawimbi ya mraba, na kwa kazi hii yanatosha: unalinganisha kilele cha kiashiria kabla na baada ya sampuli.

Kingamwili inabandikwaje?

Grafini ya leza ina makundi ya kaboksili, kwa hiyo tumia EDC na NHS, kemikali mbili zinazoyageuza makundi hayo kuwa ndoano za kushika kingamwili. Katika mililita 1 ya bafa ya MES ya pH 6 yeyusha miligramu 77 za EDC na miligramu 11.5 za NHS. Changanya unapotaka kutumia, si jana yake. Weka mikrolita 10 juu ya duara la kazi, dakika 30, ndani ya kisahani chenye kifuniko na karatasi ya chooni iliyoloweshwa ili tone lisikauke. Suuza upesi. Weka mikrolita 10 za kingamwili, mikrogramu 50 kwa mililita katika bafa ya fosfeti ya pH 7.4, saa mbili. Suuza. Weka ethanolamini ya mola 1, pH 8.5, dakika 15, kufunga ndoano zilizobaki bila kitu. Mwisho albumini ya ng'ombe asilimia 1, nusu saa, kuziba sehemu tupu.

Kwa transista, badala ya EDC hutumika PBASE, molekuli yenye kichwa bapa cha pireni kinacholala juu ya grafini bila kuivunja. Iyeyushwe kwa kiyeyusho cha DMF, milimola 5, ndani ya kabati la moshi.

Kazi ikikataa hapa, angalia haya kwa mpangilio huu:

Chupa ya EDC au PBASE ilifunguliwa ikiwa ya baridi. Hili ndilo kosa kubwa la visiwani. Chupa ikitoka kwenye friza ya nyuzi -20 na kufunguliwa hapo hapo, hewa yetu inatoa umande ndani yake, na dawa inakufa kabla haijagusa elektrodi. Iache mezani imefungwa nusu saa nzima, ishike kwa mkono, na ikiwa bado ina baridi, subiri tena. Dawa iliyokufa haibadiliki rangi ya kukuonya. Utaona tu kwamba kingamwili haishiki.

Bafa ina amini, makundi yale yale ya nitrojeni ambayo ndoano huyashika kwenye kingamwili. Trisi na glisini zinakula ndoano zote kabla ya kingamwili. Tumia fosfeti.

Kingamwili ilikuja na albumini ndani. Wauzaji wengi huiweka kama kihifadhi, na uzito wake unaifanya isitoke kwa safu ndogo za kuondolea chumvi. Unapoagiza, taja kwamba unataka isiyo na albumini wala azidi ya sodiamu.

Kwa nini kila mtu anazungumzia chumvi?

Kwa sababu inaficha chaji. Ioni za chumvi hukusanyika kuzunguka kila chenye chaji, na mbali kidogo tu transista haioni tena, mfano wa taa ndani ya ukungu. Katika bafa ya fosfeti ya kawaida umbali huo ni kama nanomita 0.7. Ukiizimua mara kumi, ni nanomita 2.3 hivi, mara mia, 7. Kingamwili yenyewe ina nanomita 10 au zaidi. Maana yake antijeni imenasa juu kabisa, nje ya upeo wa kuona, na unasoma sifuri kwa mgonjwa wa kweli.

Dawa iliyo rahisi ni kutenga kunasa na kusoma. Acha antijeni inase kwenye bafa ya kawaida, maana kingamwili inapenda chumvi yake, suuza, kisha soma kwenye bafa iliyozimuliwa mara mia. Njia nyingine ni kutumia kipande kifupi cha kingamwili au uzi mfupi wa DNA.

Mkojo ndio mgumu zaidi. Mtu aliyefanya kazi juani na mtu aliyekunywa maji mengi wana mikojo miwili yenye chumvi tofauti kabisa. Usiupime mbichi. Uchuje kwa tundu la mikromita 0.45, uzimue mara kumi kwa bafa yenye Tween 20, aina ya sabuni, asilimia 0.05, ukae juu ya elektrodi dakika 20, suuza mara tatu, kisha ndipo utie kiashiria na kusoma. Kusuuza ni lazima hata kwa elektrodi, kwa kuwa asidi ya yuriki na vitamini C iliyomo kwenye mkojo nayo hutoa mkondo.

Kipimo kinasomwaje mpaka kiwe namba ya kuaminika?

Chukua kilele kabla, toa kilele baada, gawa kwa cha kabla, zidisha kwa 100. Fanya hivyo kwa kolezi tano angalau, kila moja mara kumi ya iliyotangulia, elektrodi tatu kwa kila ukolezi. Pima sampuli tupu kumi au zaidi. Mpaka wako wa chini ni wastani wa tupu ukiongeza mikengeuko sanifu mitatu. Chini ya hapo usiandike namba.

Pembeni ya kila elektrodi ya kweli iwepo nyingine yenye kingamwili isiyohusika na maradhi hayo, ipate sampuli ile ile. Zote mbili zikishuka sawasawa, umepima uchafu.

Majibu ya uongo yanatoka wapi, ikiwa kihisi kina usahihi wa asilimia 98?

Kutoka kwenye uchache wa wagonjwa. Chukua watu 10,000 ambao 50 kati yao, yaani asilimia 0.5, wana vimelea. Kihisi kinachowakamata wagonjwa 98 katika 100 kitawapata 49. Vizuri. Ila kama kinawaachia wazima 98 katika 100, basi katika wazima 9,950 kitawataja 199 kuwa wagonjwa. Jumla watu 248 wameambiwa wana vimelea, na wanne katika kila watano hawana.

Ndiyo maana tunasema kwa visiwa vinavyokaribia kumaliza malaria au kichocho, usizidishe tu uwezo wa kuona kichache. Umahususi, yaani uwezo wa kuwaachia wazima, ukipanda hadi asilimia 99.8, wazima wanaotajwa kimakosa wanashuka hadi 20. Hapo ndipo pa kuweka nguvu: kingamwili bora, elektrodi ya kulinganishia, na kipimo cha pili cha njia tofauti, kama PCR inayotafuta DNA ya kimelea, kwa kila aliyetajwa kuwa mgonjwa kabla ya kumwambia.

Unyevu na umeme unaokatika, tufanyeje?

Wino wa fedha hufifia na waya hushika kutu kwa hewa ya bahari, haraka zaidi wakati wa masika, na Pemba ambako mvua ni nyingi. Elektrodi zilizokwisha kubandikwa kingamwili zitiwe kwenye mfuko wa aluminiamu wenye vijipakiti vya silika, zifungwe kwa joto, zikae nyuzi 4. Ukitoa mfuko, nusu saa kabla ya kuufungua, sheria ile ile ya chupa.

Kingamwili igawe kwenye vichupa vya mikrolita 10 siku ile ile inapofika. Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara kunaiua, na umeme ukikatika usiku ndicho kinachotokea bila wewe kujua. Weka glasi ya maji ndani ya friza, igande, kisha weka shilingi juu ya barafu. Ukiikuta shilingi imezama, friza ilizima na kuwaka tena. Usiziamini dawa hizo kabla ya kuzipima.

Kompyuta ya kusomea itumie betri wakati wa kipimo. Chaja huleta kelele ya umeme wa ukutani inayoonekana wazi kwenye mkondo mdogo.

Naweza kuwapima majirani zangu kwa kujaribu?

Hapana. Sampuli ya mtu, hata mkojo wa mwanafunzi wako, inahitaji ridhaa yake, na ya mzazi kwa mtoto, pamoja na kibali cha kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Jifunze kwa bafa na antijeni ya kununua. Na matokeo ya kihisi cha majaribio hayampi mtu dawa wala kumnyima; mwenye homa aende kituo cha afya akapimwe kwa kipimo kilichokubaliwa.

Takataka zitupwe wapi?

Elektrodi zilizogusa sampuli za watu ziloweke kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, lakini zisuuzwe kwanza kiashiria chote kitoke, na maji hayo yaende kwenye chupa ya sianidi, yaani ya takataka za kiashiria. Kisha elektrodi ziende kwenye takataka za maambukizi za kituo, zichomwe pamoja na nyingine. Chupa ya sianidi iwe na lebo, iwe ya alkali kidogo, ikae mbali na rafu ya asidi, na isimwagwe kwenye sinki.